Kugonga Hakunihusu

Watu wa mtaa wetu wana ndimi ndefu, na kwa muda sasa wamekuwa wakimsema Irmtraud Pawellek kwa maneno yanayonichoma. Wengine wanasema alimwua mumewe kwa uvivu. Wengine wanasema alirogwa na yule mwalimu wa ukumbi wa kanisa. Mimi naitwa Lissi Marciniak, mjane, na nimeishi naye mlango kwa mlango tangu nyumba hizi za wachimba makaa hapa Gelsenkirchen, Ujerumani, zilipokuwa bado na rangi. Nimekula kwake, naye amekula kwangu. Nitasema nilivyomjua, na asiyependa azibe masikio.

Irmtraud alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa na miguu ya haraka. Ujana wake aliumalizia katika jiko la mgodi, akipika supu ya dengu kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Huko ndiko Ewald Pawellek alikomwona. Alirudi kuomba supu mara ya pili, akarudi mara ya tatu, mpaka Irmtraud akamwuliza, "Wewe kaka, una minyoo, au unanitaka?" Ewald akajibu, "Minyoo ninao, lakini wanaweza kungoja." Wakaoana. Hawakujaaliwa watoto. Walikuwa na njiwa wa mashindano juu ya paa, na zamu yake ya kusafisha ngazi ilipofika Irmtraud alizisugua kwa sabuni mpaka sisi wengine tukaonekana wachafu. Hilo nalo nilimsamehe.

Kisha vumbi la makaa lilianza kudai. Kwetu ugonjwa huo haushangazi mtu. Ni kama mvi kwa watu wa kwingine. Mapafu yanageuka jiwe polepole. Kwanza Ewald aliacha kupanda kwa njiwa. Baadaye akaacha kushuka ngazi. Mwisho akaacha kutoka kitandani, na kando yake ukawekwa mtungi wa oksijeni wenye mpira mrefu wa kuvutia hewa. Sauti ikamkauka. Maneno mawili matatu aliyaweza, lakini kuita mtu aliye chumba cha pili hakuweza tena. Kwa hiyo Irmtraud alimpa kijiko cha supu agongee chuma cha kitanda.

Laiti angempa kengele ya sauti nyororo. Kile kijiko kilipita ukutani, kikashuka kwa Bwana Brockhoff wa chini, kikaingia hata jikoni kwangu. Na Ewald aligonga. Aligonga kwa mto uliohama, aligonga kwa redio, aligonga kwa sababu njiwa wa jirani ametua dirishani. Siku moja nilikuwepo nikasikia mwenyewe.

"Nini tena, Ewald?"

"Nilitaka kujua kama upo."

"Nitakuwa wapi? Nimekwenda kucheza dansi."

"Na nani?"

"Na padri."

"Basi rudi mapema," akasema Ewald, akacheka mpaka akakosa hewa, na Irmtraud akamshika mgongo hadi rangi ikamrudia.

Mtu mzima kucheka na kukaribia kufa kwa wakati mmoja, hilo ndilo lilikuwa likimla Irmtraud. Hakuweza kujua kijiko kinaita kwa mzaha au kwa kifo, hivyo kila mara alikimbia kama kwa kifo. Akakonda. Mikono ikaanza kumtetemeka, vikombe vikamvunjikia. Alikuwa akisikia kijiko hata pale Ewald alipokuwa amelala fofofo. Asubuhi moja aliingia kwangu bila kubisha, akakaa, akasema, "Lissi, nimemnyang'anya kijiko nikakitupa dirishani. Halafu nikainua mkono. Sikumpiga, lakini niliuinua, na aliuona."

Nilikishukia kile kijiko uani nikakiosha, nikakirudisha. Ewald alikipokea akakilaza kando yake.

Tena kulikuwa na ahadi. Wenzake wawili walifia katika hospitali ya mapafu kule vilimani, mmoja wao kitanda chake kikiwa ukumbini, watu wakipita na ndoo. Ewald alimwapisha mkewe mbele yangu: "Usinipeleke kule juu. Nikifa nifie hapa, nikikusikia unavyogombana na sufuria." Irmtraud aliapa. Kwa hiyo daktari alipomwona jinsi anavyotetemeka na kumwambia wazi, ama mama utulie, ama nitaandika mgonjwa apelekwe vilimani, alitoka pale kama mtu aliyepigwa. Vidonge vya kutuliza alivikataa. Vilimlaza, na akilala, alisema, hatasikia kijiko. Daktari akamtuma Jumanne jioni kwenye ukumbi wa kanisa, kujifunza kujituliza mwenyewe bila dawa.

Sikutaka aende peke yake, nikamsindikiza. Bwana Brockhoff alipanda kukaa na Ewald na karata zake. Huyu Brockhoff ni mlinzi mstaafu wa lango la mgodi, na hajawahi kuacha kulinda. Kanuni za nyumba anazijua kuliko sala: nani afagie ngazi, zulia lipigwe siku gani, na kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa ni saa ya kimya, hata nyundo isigonge msumari. Lakini alimpenda Ewald, na katika karata alijifanya hajui ili Ewald ashinde.

Mwalimu alikuwa Bi Tappe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya maziwa ya uvuguvugu. Alitufundisha kukaa kama mwendesha gari la farasi anayesinzia akingoja abiria: mgongo umeinama, mikono imelala juu ya mapaja, kichwa kimening'inia. Halafu kila mtu ajiambie kimoyomoyo: mkono wangu wa kulia ni mzito. Mkono wangu wa kulia una joto. Moyo unapiga kwa utulivu. Pumzi inajipumua. Tumbo lina joto, paji la uso limepoa. Hakuna anayekulaza, unajilaza mwenyewe, na ukitaka kuamka unajirudisha mwenyewe. Hapo Bi Tappe alikuwa mkali. Kunja ngumi, nyoosha mikono kwa nguvu, vuta pumzi, ndipo ufumbue macho. "Asiyejirudisha," alisema, "atazunguka siku nzima akiwa nusu tu."

Mimi niliinua mkono nikamwambia mkono wangu umekuwa mzito tangu vita, sihitaji kuja kanisani kuupata. Watu wakacheka. Irmtraud hakucheka. Alikuwa ameinama, mdomo wazi kidogo, na mikono yake haikutetemeka. Niliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Baada ya wiki kadhaa mwili ulipokwisha kutii, Bi Tappe alituruhusu kila mmoja ajitungie sentensi yake ya kuongeza mwishoni, fupi, isiyogombana na kitu. Akasema sentensi hiyo inazama kama mbegu kwa sababu mwili umelala na mlango uko wazi. Kulikuwa na seremala ambaye mbwa wa jirani alimwondolea usingizi. Yeye alijiambia: kubweka hakunihusu. Mbwa akaendelea kubweka na seremala akanenepa.

Tulipokuwa tunapanda ngazi kurudi, Irmtraud alinishika mkono. "Nami nimepata yangu. Kugonga hakunihusu."

"Traudi, na akigonga kwa haja?"

"Nitajua tu. Mama hujua mtoto anayelia njaa na anayelia deko."

"Wewe si mama yake."

"Mwambie yeye," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi nilimsikia akicheka kwenye ngazi.

Basi ikawa. Kila siku katika saa ya kimya, vyombo vikiwa vimeoshwa, alijilaza kwenye kochi la sebuleni, mlango wa chumba cha Ewald ukiwa wazi, akajipa uzito na joto na hiyo sentensi yake. Na lazima niseme, walistawi wote wawili. Alipata tena nyama mwilini. Akaoka keki ya mamumunye ya bustanini kwangu, ambayo hakuna aliyewahi kuniomba. Daktari alikuja, akampima presha, akasema habari za vilimani tuziache. Ewald naye alijivuna kwa mkewe kama alivyokuwa akijivuna kwa njiwa.

"Mchana huwa maiti," aliniambia kwa vipande vipande vya pumzi. "Nagonga... anajibu baada ya kahawa."

"Na wewe unavumilia?"

"Amepumzika. Ukimwona... anapoamka... ni msichana wa supu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwake. Alifumba macho kuyalipia.

Mtu akipanda mbegu haichagui saa ya kuota. Nilianza kuona mwezi wa nne wa mazoezi yake. Tulikuwa jikoni kwake tukimenya viazi, wala haikuwa saa ya kimya, macho yake yako wazi, anazungumza juu ya bei ya siagi. Kijiko kikagonga. Akaendelea na siagi. Kikagonga tena.

"Traudi, anagonga."

"Nani?"

"Nani tena? Ewald."

"Aa," akasema. "Ndiyo." Akamaliza kiazi, akakitia majini, akajifuta mikono, akaenda. Ulikuwa mto tu uliohama. Lakini mimi niliweka kisu chini, kwa maana hakuwa ameamua kukaa. Angeamua ningemwelewa, nani asiyechoka? Kile kijiko kilikuwa kimemfikia masikioni kikaishia hapo.

Aliporudi nilimwambia nilichoona. Alikasirika, kwa ile hasira yake mpya isiyo na moto. "Ninyi nyote mlinitaka nitulie. Daktari alinitishia ili nitulie. Sasa nimetulia, mnataka nini?"

"Nataka umwambie Bi Tappe."

Akatazama lile bakuli la viazi. "Nitamwambia Jumanne," akasema, kwa sauti ya chini, nami nikaona kwamba jambo hilo lilikuwa limemtisha hata kabla yangu.

Mambo hayakungoja Jumanne. Ijumaa ile nilikuwa bustanini kwangu kando ya reli, nikipanda maharage. Nilichokosa kuona nimeambiwa na Irmtraud na Brockhoff, kila mmoja peke yake, na maneno yao yanalingana.

Ewald alianza kugonga muda mfupi baada ya saa saba. Bwana Brockhoff alikuwa amelala chali na gazeti usoni. Alisikia. Mwanzoni, anasema, ilikuwa kugonga kwa kawaida, akamsamehe kwa kuwa ni mgonjwa. Kukaendelea. Akaondoa gazeti akatazama saa ya ukutani. Saa ya kimya ni saa ya kimya, na mtu hupaswa kwanza kumpa jirani nafasi ya kujirekebisha mwenyewe. Kukawa kwa haraka, bila mpangilio, kama mtu anayetikisa sanduku la vijiko. Ndipo akakaa, akatafuta viatu, maana hawezi kupanda kulalamika akiwa na ndara. Alipokuwa akifunga kamba kukanyamaza. Lakini viatu vilikuwa vimekwisha kuvaliwa, na jambo lilipaswa kusemwa.

Akapanda akabonyeza kengele ya mlango.

Kengele haikuwemo katika sentensi ya Irmtraud. Aliisikia kama watu wote. Akajirudisha vizuri kama alivyofundishwa: akakunja ngumi, akanyoosha mikono kwa nguvu, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Akaenda kufungua, nywele zimelala upande mmoja.

"Samahani, Bi Pawellek," akasema Brockhoff. "Ni saa ya kimya. Mimi ni mvumilivu, Ewald mwenyewe anajua. Lakini hii leo imezidi."

"Niwie radhi, Bwana Brockhoff. Nitamwambia."

Akaingia chumbani kumwambia.

Ewald alikuwa nusu kitandani, nusu nje, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye mtungi. Mpira wa hewa ulikuwa umechomoka mdomoni mwa mtungi na kulala sakafuni, mahali ambapo mtu mzima angeuokota bila hata kupiga magoti. Mtungi wenyewe ulikuwa bado unavuma, ukimwaga hewa yote ile chumbani. Kijiko alikuwa nacho. Alikuwa bado na joto.

Mimi nilirudi na udongo kwenye kucha nikakuta milango yote miwili wazi. Brockhoff alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia magotini. Ndani Irmtraud alikuwa amemlaza mumewe sawasawa, amemfuta uso, amemfunga kidevu kwa taulo, na alikuwa akiubonyeza mpira kwenye mdomo wa mtungi, anauchomoa, anaubonyeza tena. Unaingia kirahisi. Nilimwondolea.

Daktari alifika jioni, akasema moyo ulikuwa umekwisha kuchoka, na kwamba hata angekuwepo mtu asingeweza kitu.

"Nilikuwepo," akasema Irmtraud.

Daktari akaandika cheti chake akaondoka. Hivyo ndivyo madaktari wanavyosema, na wanafanya vizuri kusema, lakini huyu alisema akitazama saa yake.

Siku zilizofuata nililala kwake, kwenye lile kochi. Aliniambia mambo kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia. "Nilimsikia tangu kile cha kwanza, Lissi. Usidhani nililala. Ukilala hujui, na asiyejua hana kosa. Mimi nilisikia. Nikasikia kinavyobadilika. Nikajua kabisa, huyu sasa anaita kwa haja. Nikajua, kisha ikapita, kama treni ya mbali. Mikono yangu ilikuwa na joto. Sijawahi kustarehe vile maishani."

Nilimwambia alie. Alisema alijaribu, lakini kila kilio kikimpanda kifuani, moyo unaanza wenyewe kupiga kwa utulivu, pumzi inajipumua, na paji la uso linapoa. Jumanne alinituma kwa Bi Tappe kuuliza jinsi ya kuitoa sentensi ikishaingia. Yule mwanamke aligeuka rangi. Alisema angemkanya mapema kama angejua. Sentensi haitungwi juu ya binadamu. Kuhusu kuitoa, alisema atunge nyingine ya kuikalia, na aje mwenyewe wazungumze. Irmtraud alisikiliza nikimweleza. "Nyingine ipi?" akauliza. 

Tulimzika Ewald Jumatatu iliyofuata, wachimbaji wazee wakiwa na sare zao nyeusi, wakikohoa. Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa wetu hakuanza. Alisimama wima kando ya kaburi, mkono wake mkavu, akashukuru kila mtu kwa jina. Watu wakatazamana. Hapo ndipo ndimi zilipoanza.

Baadaye tulikaa kwenye chumba cha nyuma cha baa kwa kahawa ya msiba na keki ya chengachenga za siagi, kama ilivyo desturi. Kwa kawaida kufikia kikombe cha pili watu huanza kumsimulia marehemu na kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Kila mmoja alitafuta neno jema, na wote wakaliona lile lile. Angalau hakufia kule vilimani. Angalau alikuwa kitandani kwake. Lilizunguka meza pamoja na sahani ya keki, na kila mara lilipomfikia Irmtraud aliinamisha kichwa akasema asante.

Mwisho Bwana Brockhoff akasimama. Alikuwa amevaa tai, na macho yake yalikuwa mekundu; yeye ndiye aliyekuwa amelia kuliko wote makaburini. Alitaka kumtendea mema, namwamini. Akasema mbele ya watu wote:

"Bi Pawellek, ulimwahidi Ewald kuwa atafia nyumbani, karibu nawe, na ulitimiza. Hakuwa peke yake. Hilo ni faraja."

Irmtraud aliweka uma chini. Alimtazama yule mzee bila chuki yoyote, kwa uso uliopoa.

"Ni kweli, Bwana Brockhoff," akasema. "Hakuwa peke yake. Mimi na wewe tulimsikia mpaka mwisho."

Brockhoff alibaki amesimama. Alishika ukingo wa meza, mpaka mmoja wa wachimbaji akamvutia kiti. Irmtraud akachukua birika akammiminia kahawa, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.